Kwa Nini Nondo Anakula Koti na Kuliacha Shati

Kabla sijafika kwa mdudu mwenyewe, niseme kwanza nilivyoaibika, maana watu wa Njombe wameshalisimulia jambo hili kila mtu kwa namna yake, na kila namna inaliongezea koti matundu.

Siku ya harusi ya mpwa wangu Lusungu nilisimama mbele ya ukumbi mzima, kipaza sauti mkono mmoja, mfuko wa nailoni mkono wa pili. Ndani ya mfuko mlikuwa na koti la shemeji yangu Luhwago, baba wa bibi harusi. Koti la sufu, la kijivu, zito kama mtoto aliyelala. Alilirithi kwa marehemu baba yake, ambaye aliwaoza mabinti zake wote akiwa amelivaa, na Luhwago naye alilitunza kwa ajili ya siku moja tu: siku ya kumtoa Lusungu. Mimi nililiazima kwenda msibani Mbeya. Nikamwambia, "Nikirudi tu, shemeji." Nikarudi. Koti halikurudi. Wakati huo nilikuwa nahudumu kwenye behewa la chakula, basi nikavuka nalo Tunduma, nikalitembeza Kapiri Mposhi, nikafika nalo hadi Lubumbashi, ambako joto lilinivua. Nikalikunja, nikalitia sandukuni, na huko likabaki likisubiri akili zangu.

Asubuhi ya harusi niliahidi kulifikisha kabla ya kanisa. Basi letu likafia Makambako. Kwa hiyo Luhwago alimpeleka binti yake madhabahuni amevaa sweta lake la kukamulia ng'ombe, katika baridi ile ya Julai inayomfanya jogoo aahirishe kuwika.

Nilipofika ukumbini nikaona dawa ya aibu ni mbwembwe. Nikanyakua kipaza sauti. "Ndugu zangu, wapo waliosema koti hili limeliwa!" Nikalitoa mfukoni, nikampa mshehereshaji kipaza sauti chake, nikalikunjua na kulinyanyua juu kwa mikono miwili, dirisha likiwa nyuma yangu. Mimi sikulitazama. Ukumbi ukalitazama. Mwanga ulipita kwenye koti lile kama unga kwenye chekeche. Halafu kwenye ukosi akatoka mdudu mdogo, rangi ya nyasi kavu, akayumbayumba mbele ya watu wote, akaenda kujificha ndani ya tai ya mshehereshaji.

"Kumbe limeliwa kweli!" akasema bibi mmoja wa meza ya mbele, na ukumbi ukacheka hadi keki ikatikisika.

Luhwago hakucheka.

Jioni, wageni wakiwa wanaondoka, dada yangu Salome aliniita jikoni kwake. Nilijua si kwa ajili ya chai. Luhwago alikuwa amekaa ng'ambo ya moto, koti mapajani, anapitisha kidole kwenye tundu moja, anakitoa, anakipitisha kwenye jingine. Alikuwa hajanisemesha tangu ukumbini, na mimi nilikuwa na basi la kupanda asubuhi. Nilichotaka ni kitu kimoja: anyooshe mkono tuagane kama ndugu. Watoto wa nyumba walikuwa wamejazana mlangoni, na mmoja akauliza, "Mjomba, kwani yule mdudu ana shida gani na nguo za watu?"

Nikaona Mungu amenifungulia dirisha. "Shida yake ni ya zamani," nikasema. "Kaeni. Wewe pia, shemeji, ingawa umeshakaa."

Zamani hizo, maneno hayajawa mepesi kama siku hizi, kiapo kilikuwa kinatenda. Mtu akisema, "Nikidanganya niwe kiwete," kisha akadanganya, alirudi kwake akichechemea. Kwa hiyo watu waliapa mara chache sana, na masoko yalikuwa kimya.

Katika nyakati hizo Nondo alikuwa mkubwa kama kiganja cha mkulima. Mabawa yake yalikuwa na michirizi ya kila rangi, alitembea mchana kweupe, na alikuwa na mdomo. Jamani, mdomo! Alikula kwa mdomo huo, akasifia kwa mdomo huo, na zaidi ya yote aliahidi kwa mdomo huo. Alikuwa fundi wa nguo, tena tusimwonee: hakuna aliyeshona kama yeye. Mshono wake ulikuwa hauonekani hata ukiutafuta kwa ukucha. Tabu ni kwamba mara nyingi ulikuwa hauonekani kwa sababu haukuwapo.

Wateja wake walikuwa wengi. Jogoo alimletea manyoya ya shingo apambiwe kofia. Paka alimletea manyoya ya tumbo atengenezewe kizibao. Kondoo walimletea sufu. Pamba haikuletwa na mtu, maana pamba wakati huo ilikuwa bado imesimama huko mabondeni kwenye joto, haijui sindano ni kitu gani. Mlikumbuke hilo la pamba, litawafaa mbele.

Mtauliza, kama viapo vilikuwa vinatenda, Nondo aliponaje? Aliponea kwenye neno kesho. Kila mteja aliapiwa, "Kesho usipoipata nguo yako, mdomo huu usile tena." Mteja akija siku ya pili anakuta kesho imeshasogea mbele. Kiapo kikabaki kimechuchumaa mlangoni kwa fundi, kinangoja siku isiyofika, kama mgeni anayeambiwa chakula kinaiva wakati moto haujawashwa.

"Kama mtu fulani," akasema Salome.

Nikajifanya nachochea moto.

Basi alikuwapo Mama Kondoo mmoja, mjane, mwenye binti wa pekee. Binti akaposwa na watu wa ng'ambo ya bonde. Na kondoo wa wakati huo walikuwa na desturi yao: mama wa bibi harusi alimvika bwana harusi mgolole wa sufu iliyotoka mwilini mwa mama mwenyewe, tena kabla jua halijatua siku ya harusi. Hapo ndipo watu wa bwana harusi walipojua kuwa binti ametolewa kwa moyo mweupe. Bwana harusi asipovikwa, ukoo wake uligeuka ukaenda zake, na binti akabaki nyumbani, na hakuna aliyelaumiwa isipokuwa mama.

Mama Kondoo hakutaka mchezo na jambo hilo. Kipupwe kilipoanza tu, alijinyoa sufu yote. Hakubakiza hata ya kufunika magoti. Akaichemsha na mizizi mpaka ikawa na rangi ya dhahabu, akaibeba hadi kwa Nondo, naye mwenyewe akabaki kama kiazi kilichomenywa, upepo wa milima ya Kipengere unampiga ubavuni.

"Mama, hii ni sufu!" Nondo alisema akiipapasa. "Hii nitaishona kwa mkono wangu mwenyewe, sitamwachia mwanafunzi. Njoo kesho."

Akaja kesho. Sindano ilikuwa imevunjika. Akaja tena. Sindano ilikuwapo, uzi ulikuwa umekwisha. Akaja wakati mwingine akakuta uzi upo, sindano ipo, fundi hayupo, amekwenda kumjulia hali shangazi wa jirani wa rafiki yake. Mama Kondoo akakaa kizingitini akitetemeka mpaka meno yakawa yanaongea peke yake. Fundi aliporudi alimtazama juu mpaka chini, akachukua kamba yake.

"Hebu nikupime tena, mama. Naona umepungua."

"Nimepungua kwa sababu sufu yangu iko kwako!" Mama Kondoo akafoka. "Tena unanipima mimi wa nini? Anayevaa ni mkwe!"

"Aa, basi hapo ndipo tulipokosea," akasema Nondo kwa upole, kana kwamba wamekosea wote wawili.

Ninyi mnacheka, lakini fikirini. Kila jioni mama yule alirudi kwake mikono mitupu, na kila jioni binti yake alimwangalia mikono hiyo bila kuuliza kitu. Kutouliza kwa mtoto kunachosha kuliko maswali. Majirani walimwambia achukue sufu yake ampelekee fundi mwingine. Alijaribu. Nondo alimwambia ameshaikata, na nguo iliyokatwa na fundi mmoja ikishonwa na mwingine inakuwa na mabega mawili ya kushoto. Na nani angembishia? Fundi alikuwa yeye.

Mwishowe Mama Kondoo alichoka uchovu ule unaoleta akili. Alikwenda kwa Nondo sokoni, siku ambayo Jogoo yupo, Paka yupo, watu wamejaa, akasimama mbele yake.

"Fundi," akasema, "leo sitaki uniapie kesho. Kesho yako naijua, nimeshaizunguka mpaka kwato zimeisha. Niapie siku ya harusi, jua likigusa kilima kile pale. Kilima hakisogei."

Nondo angeweza kusema, "Mama, nisamehe, sijaanza." Lingekuwa neno fupi, na lingemwokoa. Lakini mbele ya wateja wake wote angelisemaje? Akacheka, akapanua mabawa, na mdomo ukatangulia, akili ikabaki nyuma ikitafuta viatu.

"Mama, naapa! Jua likigusa kilima kile bwana harusi hajavikwa mgolole, mdomo huu usionje tena chakula! Macho haya yasiupende tena mwanga! Na wanangu," hapo akapandisha sauti, maana alikuwa ameona watu wanafurahi, "wanangu wale sufu! Wale manyoya! Na popote mtakapohamia, nitawafuata na nguo zenu mpaka mchoke wenyewe!"

Watu wakapiga makofi. Mama Kondoo hakupiga. Alikitazama kile kilima, akaenda zake.

Nitawaambia jambo moja kuhusu Nondo ambalo linaniudhi mpaka leo: muda aliokuwa nao ulitosha. Alirudi kwake, akakaa, akashona kama mtu mwenye moto mgongoni, na siku moja kabla ya harusi mgolole ulikuwa umebakiza upindo wa chini tu. Upindo tu! Angemalizia kabla ya chai. Lakini akaunyanyua, akautazama ule mgolole ulivyong'aa, na siku hiyohiyo akina Jogoo walikuwa na ngoma kwao. Akajisemea, nitaupitisha tu pale, watu waione kazi yangu, nitarudi kumalizia.

Mama Kondoo naye siku hiyo alikuwa amekwenda kwa Jogoo kuazima kitu cha kujifunika, asije akawapokea wakwe uchi. Akaingia uani, akasikia vigelegele, akachungulia. Katikati ya duara, jasho linamtoka, mchuzi unamtiririka kidevuni, alikuwa Nondo anacheza. Amevaa mgolole wa dhahabu. Kichwani kofia ya Jogoo, ile ya manyoya ya shingo, mekundumekundu.

"Nondo!"

Ngoma ikakatika. Nondo akageuka, akamwona.

"Mama! Nilikuwa naujaribu tu," akasema, "kama unapwaya kwenye kucheza."

Mama Kondoo hakumtukana. Alikuwa hana tena tusi, yote alikuwa ameyamalizia njiani siku zile za kwenda na kurudi. Alinyoosha mguu kuushika mgolole, Nondo akarudi nyuma, mchezaji mwingine akaukanyaga, ukachanika kutoka begani mpaka kiunoni. "Nitauunga!" Nondo akapiga kelele, akatoka mbio nao. "Mama, jua la kesho bado liko mbali!"

Siku ya harusi watu wa ng'ambo walifika wakiwa wamechana sufu zao vizuri. Walikaribishwa, wakanywa, wakangoja. Jua likaanza kuteremka. Mama Kondoo alisimama mlangoni amejitandika jani la mgomba mgongoni, mikono mitupu, macho njiani kwa fundi. Mzee wa ukoo wa bwana harusi akakohoa. Akakohoa tena. Halafu akainuka, akakung'uta makalio, na ukoo mzima ukainuka nyuma yake.

Mama akawafuata kuwaomba. Hapo binti yake, ambaye kipupwe chote hakuwa ameuliza kitu, akapita katikati ya watu, akaenda akamwegemea bwana harusi ubavu kwa ubavu, sufu yake ikamfunika bega. Halafu akamvuta mama yake kwa upande wa pili, akamwegemea naye.

"Mama alinyoa yake yote," akawaambia wale wazee. "Mwangalieni. Hamwoni ametoa? Fundi ndiye hajaleta."

Mzee akamtazama mama yule anayetetemeka, uchi kama kiazi, akaona haya. Akarudi, akamwegemea yeye pia. Na wengine wakafuata, mpaka pale uani pakawa na rundo moja la sufu lenye joto. Ndiyo maana mpaka leo kondoo wakisikia baridi hubanana, wala hawaulizani nani mkwe nani mwenyeji.

Na Nondo? Nondo alikuwa kwake, ameinamia mgolole, ameshaunga begani, anapiga upindo. Jua likagusa kilima. Mtu akamwita nje, "Fundi, vipi?" Akanyanyua kichwa, akasema, "Bado ki—" na mdomo ukajifunga hapohapo, haukumalizia neno. Viapo vyote vilivyokuwa vimechuchumaa mlangoni kwake vikainuka kwa pamoja, vikaingia ndani.

Akaanza kusinyaa. Akawa kama jani, akawa kama punje ya mpunga. Michirizi ya mabawa ikafutika, ikabaki rangi ya mizizi ya Mama Kondoo iliyomwingia na jasho la ngoma. Ile kofia ya Jogoo ikamgandia kichwani. Mwanga wa jioni uliobaki ukamchoma machoni kama moshi wa kuni mbichi, akakimbilia mahali penye giza palipokuwa karibu, katika mikunjo ya mgolole ambao hakuumaliza. Humo mkewe, aliyesinyaa pamoja naye, akataga mayai. Na watoto walipoanguliwa na kulia njaa, hakukuwa na chakula kingine.

Na tangu siku hiyo nondo ni mdudu mdogo, rangi ya dhahabu iliyochakaa, ana kishungi chekundu kichwani, na akishaota mabawa hali kitu mpaka anakufa. Ukiwasha taa yeye anakimbia, wakati wenzake wote wa mabawa wanaikimbilia. Mke wake haruki sana, anatimua mbio kwenye mikunjo, anataga, anakufa. Watoto ndio wanaolipa kiapo cha baba: wanakula sufu, wanakula manyoya, wanaanzia pale palipodondokewa mchuzi. Shati la pamba wanaliruka, maana pamba haikuwapo kwenye kiapo. Na ufundi wa baba haukupotea. Bado wanashona, tena vizuri, kila mmoja na kifuko chake cha hariri chenye nyuzi za nguo yako, rangi ya nguo yako, ila wanajishonea wao. Wakishiba wanajifungia humo, wanatoka na mabawa, hawana mdomo, na mambo yanaanza upya. Na popote binadamu alikohamia na masanduku yake, nondo amemfuata. Mimi nimemkuta Mbeya, nimemkuta Kapiri, nimemkuta Lubumbashi, ambako hata ndugu zangu hawajawahi kunitembelea.

Nikaishia hapo. Moto ukapasua kuni. Mtoto mmoja alikuwa amelishika sweta lake, analikagua mkono kwa mkono. Salome alikuwa ameshika shavu, na nikadhani nimemwona akitabasamu. Nikajiona nimeutua mzigo.

"Kwa hiyo, shemeji," nikasema, nikimnyooshea Luhwago mkono juu ya moto, "mwenye kosa umemsikia. Ni kiapo cha zamani, mimi na wewe hatukuwepo. Na koti usijali, nitakutafutia jingine, la sufu vilevile, naapa, kesho tu nikifika—"

Luhwago akatoa kidole kwenye tundu. Akalikunja koti la baba yake taratibu, mkono juu ya mkono, akaliweka pembeni.

"Shemeji," akasema, "nondo hakuja kwangu kuazima koti. Ulikuja wewe."